Watoto Wangapi Hapo?

Mamangu alifundisha shule ya msingi kwa miaka 34, karibu yote katika vijiji vya kando ya Voi, na alipostaafu alisema hataki kusikia kengele tena maishani. Kwa hivyo nilipomwekea kipindi cha runinga kinachohusu shule, likizo moja ya Agosti, nilidhani ataniambia nizime. Hakusema kitu. Alivuta kiti, akavaa miwani, akatazama kama dakika kumi hivi. Kisha akauliza, "Watoto wangapi hapo?"

Nikamwambia sijui. Akaanza kuwahesabu mwenyewe kwa kidole, picha ikihama anarudia. "Ishirini na saba," akasema. "Na yule mama aliyekaa kando ya yule mtoto ni nani?"

"Msaidizi wa mwalimu."

"Msaidizi wa mwalimu! Wee!" Akacheka mpaka akavua miwani.

Kipindi chenyewe ni Educating Yorkshire. Kilionyeshwa Uingereza na Channel 4 mwaka wa 2013, baada ya mtangulizi wake, Educating Essex, kupendwa sana mwaka wa 2011. Namna kilivyotengenezwa si vigumu kueleza. Unatafuta shule ya upili ya kawaida, ya serikali. Unafunga kamera zaidi ya 60 kwenye dari na kuta: madarasani, kwenye ukumbi, kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Walimu na wanafunzi wanabandikwa vipaza sauti, halafu wapiga picha wanatoka nje kabisa. Baada ya siku chache watu husahau kwamba wanatazamwa, au hujifanya wamesahau. Safari hiyo ilikuwa shule ya Thornhill, Dewsbury, mji wa zamani wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza.

Unachokiona humo ni utundu wa kila siku. Msichana amejipaka vipodozi na ameambiwa avifute, hataki. Mvulana ametoka nje ya darasa bila ruhusa. Simu, matusi, sare, ngumi za wakati wa chakula. Walipokionyesha kule, wako waliosema magazetini kwamba watoto wa Uingereza wameharibika na walimu wamekuwa laini. Wako pia waliolia mbele ya runinga wakitamani wangefundishwa na walimu kama hao. Pande zote mbili zilikuwa zinamtazama mtoto na mwalimu. Mama peke yake ndiye niliyemwona akihesabu vichwa.

Nimesomea historia, kwa hivyo ugonjwa wangu ni kuuliza jambo lilianza lini. Kamera kuingia darasani si jambo la juzi. Mwaka wa 1968 Mmarekani Frederick Wiseman alitoa filamu iitwayo High School, aliyoipiga katika shule ya Northeast, jijini Philadelphia. Haina msimulizi, haina mahojiano. Ni kamera tu na watu. Katika sehemu moja mwalimu wa nidhamu anazungumza na mvulana aliyepewa adhabu ya kubaki baada ya masomo. Mvulana anasema hakufanya kosa. Mwalimu anamwambia akubali adhabu kwanza, ndiyo aonyeshe kwamba ni mwanamume anayeweza kutii amri. Filamu inaishia kwa barua ya kijana aliyesoma hapo, akiwa sasa askari Vietnam anayesubiri kushushwa kwenye hatari. Mama mmoja mkuu wa shule anawasomea wenzake ile barua kwa fahari, kama ushahidi kwamba shule inafanya kazi yake. Kwa miaka mingi filamu hiyo haikuonyeshwa Philadelphia kwenyewe. Nadhani unaelewa kwa nini.

Halafu kuna Être et avoir, ya Mfaransa Nicolas Philibert, ya mwaka wa 2002. Hiyo ni kinyume kabisa. Shule ya kijijini katika milima ya Auvergne, chumba kimoja, watoto kama dazeni hivi wa umri tofauti, na mwalimu mmoja mpole anayekaribia kustaafu, Georges Lopez. Ufaransa nzima ilimpenda. Filamu ikaingiza pesa nyingi kuliko alivyotarajia yeyote. Kisha Lopez akaenda mahakamani kudai fungu lake, akisema sauti yake na masomo yake ndiyo yaliyouzwa. Alishindwa. Wengi waliomlilia kwenye sinema wakamkasirikia. Mwalimu mpole hatakiwi kuuliza habari za pesa, hata wakati upole wake ndio unaouzwa.

Kwetu Kenya kamera za namna hiyo hazikuwako. Tulikuwa na Tahidi High kwenye Citizen, ndiyo, na tuliipenda, lakini hao walikuwa waigizaji walioandikiwa maneno. Habari za tabia halisi za wanafunzi wetu ziliandikwa na tume, na tume iliundwa baada ya maafa. Julai 1991, wasichana 19 walikufa katika shule ya St Kizito, Meru, usiku ambao wavulana wa shule hiyohiyo waliwavamia bwenini na kuwabaka wengi. Ikaja kamati ya Sagini. Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini Kyanguli, Machakos. Ikaja ripoti ya Wangai. Ukisoma historia ya wanafunzi wa Kenya kupitia ripoti hizo utadhani mtoto wetu huanza kuishi siku anaposhika kiberiti. Miaka yote iliyotangulia, ile ya Jumatatu na Jumanne, ya kuchelewa na kunung'unika, ya kuonewa na kiranja, ya kuitwa ofisini ukatoka bila kusikilizwa, hakuna aliyeiandika.

Ilipaswa kuandikwa. Hilo ndilo lililonishangaza nilipozisoma kanuni za nidhamu shuleni za mwaka wa 1972. Kiboko kiliruhusiwa, lakini kwa masharti ambayo mwanafunzi wa zamani wa Kenya akiyasoma leo atadhani ni mzaha. Mwalimu mkuu ndiye aliyepaswa kuchapa, au mwalimu mwingine mbele yake. Uchunguzi ufanywe kwanza. Viboko visizidi sita. Mtoto asichapwe mbele ya wenzake. Na kila adhabu iandikwe kwenye daftari.

Mimi nilisoma miaka ya tisini na sikuwahi kuliona hilo daftari. Nilichokiona ni paredi ya Ijumaa, shule nzima kwenye mistari, na majina yakisomwa. Fito zilikatwa kwenye mwarobaini wa nyuma ya vyoo, na mara nyingi aliyetumwa kuzikata ndiye aliyekwenda kuzionja. Tulichapwa kwa kuchelewa, kwa kelele, kwa hesabu tulizokosa, kwa kuongea lugha ya nyumbani. Tulichapwa pia na monita, ambaye alikuwa mtoto kama sisi. Ilikuwa adhabu, lakini ilikuwa pia kipindi cha kutazamwa. Watazamaji tulikuwa sisi wenyewe, na tulicheka. Ukilia ulichekwa, usipolia ulipigiwa makofi. Nadhani hiyo ndiyo runinga yetu ya uhalisia ya kwanza, na hakuna mzazi aliyeombwa kutia saini.

Mwaka uleule wa 2001 serikali ilipiga kiboko marufuku, Sheria ya Watoto ikapitishwa, na Katiba ya 2010 ikafunga mlango kwa kukataza adhabu za kikatili kwa kila mtu. Tangu hapo kila shule inapoungua utasikia mzee mmoja kwenye matatu, au mbunge mmoja kwenye runinga, akisema: si mnaona, tangu muondoe kiboko watoto wameota pembe. Mwaka wa 2016 zaidi ya shule 100 zilipochomwa, hoja hiyo ilivuma kila mahali.

Hebu tupange tarehe tu. St Kizito ni 1991. Bweni la wasichana la Bombolulu, Kwale, liliungua 1998. Viranja wanne wa Nyeri High walichomwa wakiwa wamefungiwa kwenye chumba chao 1999. Kyanguli ni mwezi wa tatu 2001, kabla wino wa marufuku haujakauka. Yote hayo yalitokea kiboko kikitumika kila siku ya Mungu. Sisemi kiboko ndicho kilichowasha moto. Nasema aliyeahidi kwamba kiboko kitauzima alikuwa amepewa miaka mingi kuthibitisha.

Na Waingereza wenyewe, ambao shule zao za misheni na za serikali ya kikoloni ndizo zilizotupa paredi, kengele na fimbo ya mwalimu mkuu, hawakuiacha zamani sana. Bunge lao lilipiga kura Julai 1986: 231 kwa 230. Kura moja. Shule za serikali zikaacha kuchapa mwaka uliofuata. Kwa hivyo wale walimu wa Dewsbury wenye mvi, wanaoonekana wakimbembeleza msichana afute vipodozi, huenda wengine walichapwa wao wenyewe. Hawakuzaliwa wapole. Kuna kitu kilichowekwa mahali pa fimbo.

Kitu gani? Hapo ndipo nilipomwelewa mama na hesabu yake.

Ukikitazama kipindi kile kwa jicho la mwalimu, utundu hauvutii sana. Watoto ni watoto. Kinachovutia ni saa. Mtoto mmoja ametolewa darasani, na kuna mtu mzima wa kukaa naye. Mwalimu anaacha darasa lake, na kuna wa kulishika. Mazungumzo yanachukua nusu saa, hayafiki popote, kesho yanaanza tena. Mlezi wa mwaka, mshauri, msaidizi, mwalimu mkuu mwenye mlango wazi: wote hao ni mishahara. Uvumilivu tunaoupenda kwenye skrini ni tabia njema, kweli, lakini pia una bajeti.

Kwetu kiboko kilipoondolewa, kilichowekwa mahali pake ni neno: ushauri nasaha. Akachaguliwa mwalimu mmoja, vipindi vyake vikiwa vilevile, akaambiwa yeye ndiye mshauri. Halafu Januari 2003 serikali mpya ya Kibaki ikatangaza elimu ya msingi bila malipo, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia madarasani kwa mkupuo. Lilikuwa jambo jema kuliko yote niliyoyaona serikali ikifanya. Vyumba lakini vilibaki vilevile, na walimu vilevile.

"Mimi mwaka ule nilikuwa na tisini na wawili," mama alisema, macho yake bado yako kwa watoto wa Yorkshire. "Wengine walikaa sakafuni. Kuna mmoja alikuwa na ndevu. Sasa huyo bwana anachukua nusu saa na mtoto mmoja. Mimi nusu saa ndiyo ilikuwa somo lote."

Nikamuuliza kama aliacha kuchapa sheria ilipokuja. Alinyamaza kidogo.

"Niliacha ofisini," akasema. "Darasani sikuacha mara moja. Kiboko kilinipa dakika. Ukimchapa mmoja, tisini wananyamaza, unafundisha. Sikuwachukia wale watoto. Nilikuwa sina dakika."

Sijawahi kusikia utetezi wa kweli kuliko huo, wala mashtaka makali kuliko hayo. Ndani yake mtoto anayechapwa si lazima awe amekosa. Anachapwa ili wengine wafundishwe.

Tulitazama vipindi vyote, viwili kwa jioni, kwa bando langu. Cha mwisho ndicho watu wengi wanachokikumbuka. Kuna mvulana mwenye kigugumizi kikali, anayekaribia mtihani wake wa mwisho wa Kiingereza, na sehemu ya mtihani ni kuzungumza. Neno halitoki. Mwalimu wake, Matthew Burton, anakumbuka filamu ya The King's Speech, ya mfalme aliyekuwa na kigugumizi, na anamwambia avae hedifoni, asikilize muziki, kisha asome. Maneno yanatoka. Baadaye siku ya kuagana, kijana anasimama mbele ya wenzake, hedifoni masikioni, na kuwashukuru. Wavulana wakubwa wanalia. Walimu wanalia. Mimi pia, nisijifanye.

Mama hakulia. Aliinuka kabla hakijaisha, akaenda jikoni, nikasikia maji yakifunguliwa. Nikajua anachofikiria, kwa sababu mwaka wa 1994 nilikuwa darasa la sita na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa darasa.

Kila asubuhi aliita rejista. Ukisikia jina lako unajibu, "Niko, mwalimu." Nyuma kabisa alikaa mvulana mmoja, mtoto wa kibarua wa shamba la mkonge, ambaye hakuweza kuitamka ile N. Ilimkwama. Midomo inatetemeka, macho yanafumba, darasa linaanza kuchekea viganjani. Akabuni njia yake: jina likitajwa, anagonga dawati mara mbili. Mama hakuikubali. Alimwambia dawati halina jina, na akamwekea alama ya kutofika akiwa ameketi pale pale. Kisha alichapwa kwa kiburi. Haikuwa mara moja. Ilikuwa karibu muhula mzima, mpaka yeye mwenyewe akaanza kuja baada ya rejista, ili achapwe kwa kuchelewa. Hilo lilikuwa rahisi zaidi kwake, maana aliyechelewa hasemeshwi.

Nami nilikuwa mmoja wa waliocheka. Mtoto wa mwalimu hucheka kwa sauti kubwa kidogo.

Mama aliporudi na chai aliniambia, "Nilidhani ni jeuri." Baadaye, kikombe kikiwa nusu: "Hakuna aliyetufundisha kigugumizi ni nini. Chuoni tulifundishwa mpango wa somo."

Nimejiuliza mara nyingi kama kamera ingemsaidia yule mwenzetu. Huenda. Mama angejiona akimchapa, na kujiona ni adhabu kali. Lakini sitaki kuisifu kamera kupita kiasi. Yule kijana wa Dewsbury mambo yalimwendea vyema, anajulikana, na amezungumza mbele ya watu wengi tangu hapo. Burton mwenyewe alikuja kuwa mwalimu mkuu wa shule ileile, na mwaka wa 2025 kamera zilirudi Thornhill. Wako wengine ambao saa moja ya runinga iliwakuta siku yao mbaya wakiwa na miaka 14, wanatukana au wanalia, na picha ile haizeeki. Mhariri ana saa nyingi mno za kuchagua na anachagua zinazotazamika. Mtoto aliyekaa kimya akisoma wiki zote hizo hayumo.

Na siku hizi hatungoji Channel 4. Simu iko mfukoni mwa kila mwalimu. Watoto wanarekodiwa wakicheza, wakikosea kusoma, wakilia siku ya kwanza ya chekechea, na ulimwengu unacheka kabla ya jioni. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja hapa nchini faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Nilifurahi, kisha nikakumbuka paredi ya Ijumaa. Ni jambo lilelile: mtoto mmoja mbele, wengi wakitazama, na hakuna aliyemuuliza. Kanuni za 1972 zilikuwa zimeligusa hata hilo, kwamba asiadhibiwe mbele ya wenzake. Tulikuwa na sheria nzuri kwenye kabati na desturi nyingine uwanjani.

Ndiyo maana sijamtaja kwa jina mwenzetu wa dawati la nyuma, wala hata yule wa Dewsbury ambaye jina lake ni rahisi kulipata. Wa kwetu ana duka la hadiwea mjini. Mimi hununua kwake. Hatujawahi kuongea habari za darasa la sita.

Wiki moja baada ya kile kipindi mama aliniambia anataka misumari. Nikamwambia misumari iko stoo, tele. Akasema anataka misumari. Nikampeleka.

Duka lilikuwa na wateja, Jumamosi. Alimtambua mara moja. Alitoka nyuma ya kaunta akamsalimu kwa mikono miwili: "Shikamoo, mwalimu." Likatoka vizuri tu. Wakaulizana hali, mvua, miguu. Mama akaagiza misumari ya inchi tatu, kilo moja. Kijana, sasa mtu mzima mwenye upara, akapima, akafunga kwenye gazeti, akataka kutaja bei. Bei ikamkwama. Nikaona midomo inaanza, macho yanafumba, na kalamu aliyoishika ikigonga kaunta, mara mbili.

Nyuma yetu kulikuwa na watu watatu au wanne wana haraka zao. Mmoja wao akataka kumsaidia, akaanza, "Mia m..." Mama aligeuka akamtazama kwa lile jicho la darasani, yule bwana akanyamaza. Kisha akamgeukia mwanafunzi wake, akaweka pochi juu ya kaunta, akasubiri mpaka bei ikatoka.